Sura ya Saba: Mita Mia Tisa

Mtaalamu alikuwa amesoma karatasi badala ya kusoma mti, na kwa sababu hiyo kuna mtu alikuwa anamaliza siku ya kumi na tisa mahabusu.

Futikamba aligundua hilo saa mbili asubuhi, akiwa amechuchumaa kwenye ghala la vielelezo nyuma ya kituo, mbele ya mabaki ya ndege ndogo iliyoundwa nyumbani. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya futi ya chuma aliyoining'iniza kiunoni, mahali ambapo askari wengine huning'iniza pingu. Alipima kila kitu: milango, nyayo, vitanda vya marehemu. Wenzake walimcheka, na yeye hakuwaachia, maana alikuwa na mdomo ambao hata mkuu wa kituo aliuogopa.

"Nipe spana namba kumi na tatu," alisema.

Koplo wake, mtu mzima mnene aliyechukia grisi kuliko majambazi, hakusogea. "Afande, vielelezo haviruhusiwi kufunguliwa."

"Nimekuuliza sheria au nimekuomba spana?"

Akampa. Kwenye sakafu ya saruji kulikuwa na kilichobaki cha pangaboi ya mbao, ile inayozunguka puani mwa ndege. Upande mmoja ulikuwa kisiki cha urefu wa mkono, upande mwingine umenyofoka karibu kabisa na kitovu. Juu ya kitovu kulikuwa na bamba la chuma la mviringo lililobanwa kwa boliti sita. Ripoti ya mtaalamu ilisema: *pangaboi 68 kwa 44, kwa mujibu wa oda.* Kwa mujibu wa oda! Bwana yule alikuwa amekuja na viatu vyake vya kung'aa, akaangalia karatasi ya oda, akanakili namba, akaenda kunywa chai. Hakuna aliyelegeza hata boliti moja.

Boliti ya sita ilimchubua Futikamba vidole. Bamba lilidondoka sakafuni kwa kishindo, na chini yake, kwenye mti, kulikuwa na namba zilizochomwa kwa chuma cha moto.

"Sitini na nane, hamsini na nane," koplo alisoma. "Sasa ndiyo nini?"

"Ya kwanza ni urefu wa pangaboi kwa inchi, ncha hadi ncha. Ya pili ni hatua. Pangaboi ni skrubu, koplo. Ikizunguka mara moja ingesogea mbele inchi ngapi, kama hewa ingekuwa ngumu kama ubao? Hiyo ndiyo hatua. Arobaini na nne ni hatua fupi: injini inazunguka kwa raha, ndege inanyanyuka upesi, ila huko juu haikimbii. Hamsini na nane ni hatua ndefu. Huko juu inakimbia. Huku chini inajikokota."

"Kama kuondoa gari kwa gia ya nne."

"Kumbe humo kichwani kuna watu wanaishi. Ndiyo. Na ya aina hii gia haibadilishwi. Unachagua mara moja, unafunga, na ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho."

Koplo aliangalia kiti cha rubani, kilichokuwa pembeni na doa lake la kahawia, kisha akaangalia kwingine.

Uwanja Futikamba alikuwa ameshaupima mwenyewe, kwa miguu, jua kali, koplo akishika ncha ya pili ya futi na kulalamika. Mita mia nne na ishirini kutoka uzio hadi mstari wa miti. Ndege iliupiga mti wa tatu, kimo cha watu wawili kutoka ardhini. Rubani, kijana ambaye tangu utotoni aliitwa Kishada kwa kutembea akiangalia juu, alikufa kabla hawajamtoa. Aliyeiunda ndege alikuwa kaka yake, fundi wa mabasi, watu walimwita Spana. Miaka sita aliijenga kwenye banda la nyumba ya mama yao. Jalada lilisema Spana alifunga injini dhaifu akijua ni dhaifu. Jalada likaongeza kwamba siku mbili kabla, mbele ya watu watano, alimwambia mdogo wake, "Hiyo ndege utairusha siku nimekufa mimi." Na kuanzia ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na maelezo ya mama mzazi, yaliyoandikwa kwa mkono wake, yakimkandamiza mwanawe mkubwa mstari kwa mstari.

Kesho saa tatu asubuhi Spana alikuwa anapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la kuua. Yeye mwenyewe alikuwa hasemi.

Futikamba alimtoa mahabusu, akamkalisha kwenye benchi la ushoroba, akamwekea lile bamba mapajani.

"Nani alifunga pangaboi?"

Spana aliligeuza bamba mara moja, kama mtu anayetafuta ufa. Alikuwa amekonda, mikono tu ndiyo iliyobaki mikubwa. "Andika ni mimi."

"Sijakuuliza niandike nini. Ulioda arobaini na nne. Iliyofungwa ni hamsini na nane. Ulifungua bamba ukasoma namba?"

"Nilisoma geji."

"Geji ipi?"

"Ya mizunguko. Tulifunga mkia kwenye nguzo kwa kamba, mdogo wangu akakanyaga mafuta mpaka mwisho, mimi nikachungulia dirishani nikaisoma mwenyewe. Elfu mbili na mia tatu. Nilikuwa nimemkataza, kwa namba hiyo nikamwambia nenda."

"Hamsini na nane isingefika elfu mbili na mia tatu ukiwa umeifunga nguzoni. Ungeona elfu mbili, na hapo umebahatika."

"Najua."

"Basi geji ilidanganya."

"Geji haidanganyi," Spana alisema. "Mimi ndiye sikuangalia. Andika hivyo, afande, unirudishe ndani."

Alisimama mwenyewe na kuanza kuelekea mahabusu kabla hajaambiwa. Miaka ishirini na sita ya kazi, Futikamba aliwaona watu wengi wakijaribu kutoka kwenye mlango ule. Wa kuharakisha kuingia alikuwa hajamwona.

*

Karakana ya mchongaji ilinuka gundi na vumbi la mbao. Mzee Randa hakuacha kazi walipoingia. Alikuwa ameinama juu ya gogo la tabaka tano zilizogandishwa, akilipiga randa kwa mkono wenye vidole vitatu, na maranda yalimwangukia miguuni hayana haraka.

"Mmekuja kwa ajili ya yule aliyekula mti," alisema.

"Ana jina," koplo alisema.

"Alikuwa nalo. Pangaboi yenyewe irudisheni, kitovu bado kizima. Nitatengeneza fremu ya saa ya ukutani."

Koplo alifumba ngumi. Futikamba akamwekea mkono begani, akampita, akasogea ukutani. Ukuta mzima, kutoka sakafu mpaka dari, ulijaa misumari, na kila msumari ulibeba kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja. Kila kipande kiliandikwa kwa penseli.

"Nini hivi?"

"Kichwa cha ubao. Kila pangaboi nikiikata, inabaki ncha. Mteja anaandika majibu yake hapo, kwa mkono wake, si wangu. Maswali manne. Injini ina nguvu ya farasi wangapi, mwisho wake mizunguko mingapi, uwanja una urefu gani, na unataka kupanda au unataka kukimbia. Kesho asije kuniambia hakusema hivyo."

"Umeshawahi kuambiwa?"

"Na wajane. Wengi." Alipuliza vumbi. "Nawaonyesha msumari."

Futikamba alitafuta kwa tarehe. Cha kwanza alikipata haraka: *80. 2700. 420. Kupanda.* Mwandiko mzito wa Spana, herufi zilizochimba mti kama zimepigwa patasi. Juu yake kulikuwa na mstari mwekundu wa kufuta. Kwenye msumari wa pili yake palikuwa na kipande kingine, injini ile ile, mizunguko ile ile. Kisha: *900. Kukimbia.*

"Mita mia tisa," alisema. "Uwanja gani huo?"

"Sijui. Sijawahi kufika."

"Hukuuliza?"

"Nimeuliza. Si hapo, swali la tatu?"

"Cha kwanza kinasema mia nne na ishirini. Miezi miwili baadaye mia tisa. Uwanja ulinyonyeshwa ukakua?"

Mzee Randa akaacha randa. Alimwangalia kwa mara ya kwanza, na macho yake hayakuwa na haya. "Mimi nachonga majibu, binti. Sichongi ukweli."

"Binti yako yuko kwake. Mimi naitwa afande. Nani aliandika hiki?"

"Unajua kusoma."

"Na wewe unajua kulala chini. Tuna sakafu nzuri ya saruji kule kituoni. Kwa umri wako, usiku wa kwanza ni mgongo, wa pili ni figo."

Mchongaji alicheka. Alicheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyekutana na wa saizi yake. Akavuta kigoda akakaa.

"Mdogo mtu alikuja peke yake," alisema. "Anataka kubadilisha oda. Anataka kasi, anataka atoke hapa mpaka wapi sijui arudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Nikamwambia oda ni ya kaka yako, siigusi mpaka aje kaka yako au aje mkubwa wake. Baba yao nilijua alishakufa. Nikajua nimemkomesha. Wiki iliyofuata akarudi, na mkubwa wake."

"Mkubwa gani?"

"Nimekwambia unajua kusoma." Akainuka, akashika randa yake. "Unataka lingine la bure? Kaka mtu alikuja hapa. Siku ya pili baada ya ajali, alfajiri, sijafungua hata dirisha. Akasema, 'Niliisikia injini ikiunguruma nzito wakati ndege inakimbia uwanjani, nikajua pangaboi siyo niliyoioda.' Akasimama hapo hapo uliposimama, akakishika hicho kipande. Mimi nikajua leo navunjiwa karakana. Akakisoma. Akakirudisha msumarini. Kikakaa upande, akakinyoosha. Akaniambia kazi njema. Mchana nikasikia mmemkamata."

Futikamba alikiangalia kipande tena. Namba zilisimama wima, zimelingana kimo, duara za sifuri zimefungwa kabisa. Na chini ya jibu la mwisho kulikuwa na mistari miwili, imenyooka, imepigwa kwa ukingo wa kitu.

Kwenye gari alifungua jalada, ukurasa wa kumi na mbili. Akaweka kipande cha ubao kando ya tarehe aliyoiandika mama mzazi. Chini ya tarehe kulikuwa na mistari miwili iliyopigwa kwa rula.

Koplo aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mama yao," alisema. "Mwalimu?"

"Miaka thelathini na moja ya hesabu darasa la sita. Jibu la mwisho hupigiwa mistari miwili. Hata ungemfunga macho angeipiga."

"Lakini mama huyu ndiye anayetaka Spana afungwe."

"Washa gari."

*

Mwalimu aliwapokea sebuleni. Kila kitu ndani mle kilikuwa kimenyooshwa: vitambaa vya makochi, vitabu kwenye kabati, yeye mwenyewe. Alipokea shikamoo ya koplo, akamwambia aondoe viwiko mezani, na koplo, mwenye wajukuu wawili, akaviondoa.

"Kesho nitakuwepo mahakamani," alisema. "Nguo nimeshazipiga pasi. Kama mmekuja kunikumbusha, mmepoteza mafuta."

"Tumekuja kuangalia picha," Futikamba alisema.

Ilitundikwa juu ya televisheni, imekuzwa mpaka upana wa mlango wa kabati, fremu ya dhahabu. Kishada akiwa ndani ya ndege, kofia pembeni, meno yote nje. Waombolezaji wote walikuwa wamepita mbele yake. Futikamba alifungua futi yake, akapima kutoka ukingo wa fremu hadi kitu kidogo cha mviringo nyuma ya bega la marehemu.

"Nani alipiga?"

"Mimi. Kwa simu yangu."

"Lini?"

"Asubuhi ile ile. Kabla hajawasha."

"Una uhakika alikuwa hajawasha? Maana tarehe na saa, watu wakiwa na majonzi..."

"Mimi sichanganyi saa." Mwalimu alisogea, akanyoosha kidole. "Pangaboi hiyo hapo kwenye kioo cha mbele, imesimama. Ingekuwa inazunguka ungeiona? Hamfundishwi kutazama?"

"Tunafundishwa taratibu. Nisaidie basi, mwalimu. Hiki cha duara ni saa?"

"Si saa. Ni geji ya mizunguko."

Alilisema upesi, kwa mazoea ya kumsahihisha mjinga. Halafu akafunga mdomo. Koplo aliacha kuandika.

"Kumbe unaifahamu," Futikamba alisema. "Nisomee mshale uko wapi."

Mwalimu alinyoosha kitambaa cha kochi kilichokuwa kimenyooka tayari.

"Nitakusomea mimi. Uko kwenye tatu. Kila namba hapo huhesabu mamia. Injini imezimwa, pangaboi imesimama, wewe mwenyewe umeniambia, na geji inasema mia tatu. Mtu aliung'oa mshale huo akaurudishia mbele kidogo. Injini ikizunguka elfu mbili, unasoma elfu mbili na mia tatu. Kaka mtu anachungulia dirishani, anaona namba aliyoitarajia, anasema nenda." Akatoa kipande cha ubao mfukoni, akakiweka juu ya kitambaa cheupe cha meza. "Na hiki sihitaji kukusomea."

Mwalimu alikitazama. Kisha akakisogeza kidogo kwa ncha ya kidole, kikalingana na ukingo wa meza.

"Maisha yake yote alivaa viatu vya kaka yake," alisema. "Baiskeli ya kaka yake. Daftari lenye jina la kaka yake limefutwa. Hata ndege ilikuwa ya kaka yake. Alitaka kitu kimoja kikae anavyotaka yeye. Akaniomba niende kwa mchongaji, nikaenda."

"Akakwambia uandike mia tisa."

"Akaniambia."

"Na mshale?"

"Alifanya yeye, kama alivyoifunga pangaboi. Mle bandani kwenye dashibodi ni giza. Mimi nilishika tochi."

"Ulishika tochi," Futikamba alirudia. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni na hakutaka kuificha. "Alikwambia kwa nini?"

"Kwamba kaka yake ni mwoga. Akiona elfu mbili hatamruhusu. Kwamba uwanja utatosha, amepiga hesabu."

"Na wewe ni mwalimu wa hesabu. Ulizipiga?"

"Nilimwamini."

"Sijauliza hilo. Ulizipiga?"

Koplo alikohoa. Alitaka kusema basi, ilionekana usoni kwake. Futikamba hakumwangalia.

"Alikuwa na kitabu chenye majedwali," Mwalimu alisema. "Nilizipiga usiku wa kuamkia siku ile. Mara mbili."

"Zikatoka ngapi?"

"Mita mia sita na kumi kuvuka miti."

"Na uwanja una mia nne na ishirini."

"Nilidhani nimekosea mahali. Asubuhi ameamka anaimba. Anapiga viatu rangi, anaimba. Ningemwambia nini? Nilichukua simu nikampiga picha."

Saa ya ukutani iligonga saa tisa na nusu. Nje kuna mtu alikuwa anapita anaita wateja wa fagio, akapita, akaishilia mbali.

"Sawa," Futikamba alisema. "Huyo amekufa, na umelia. Sasa nieleze huyu mwingine. Siku kumi na tisa analala kwenye saruji. Umeandika kurasa tatu kumzamisha, na unajua hakufanya kitu. Kwa nini?"

"Kwa sababu yule hayupo kujitetea." Sauti ya Mwalimu ilikuwa ile ya mbele ya ubao, haikupanda wala haikushuka. "Mngesema mtoto wangu alijiua kwa ujinga. Mngeandika mlaghai. Watu wangecheka msibani kwake. Huyu mkubwa yuko hai. Ana mdomo."

"Hautumii."

"Hilo ni lake."

"Unajua kwa nini hautumii? Alikwenda kwa mchongaji siku ya pili, alfajiri. Alikishika kipande hiki. Unadhani hajui mwandiko uliomfundisha kuandika?"

Hapo tu ndipo kitu kilisogea usoni kwa yule mama. Alikaa. Mikono yake ilitafuta kitu mapajani, ikakosa.

"Anajua?"

"Tangu kabla hatujamkamata. Anakufa na siri yako, mwalimu. Kesho angesomewa shitaka la kuua, na angesema ndiyo."

Futikamba alingoja kilio. Alikuwa amekipigania kilio kile kwa ukatili wake wote, na alikuwa tayari hata kumpa leso. Mwalimu aliinua macho kwenye picha juu ya televisheni, akayashusha.

"Basi," alisema, "kama ameweza siku kumi na tisa, ataweza na zaidi. Yeye ni mkubwa. Alishazoea kumwachia mwenzake."

Futikamba alitaka kumpiga kofi. Haikuwa mara ya kwanza kutaka kumpiga mtu aliye mbele yake kazini, ila ilikuwa mara ya kwanza kutaka kumpiga mwalimu. Alichukua kipande cha ubao, akakitia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika namba ya kielelezo.

"Koplo, shusha hiyo picha. Mwalimu, vaa viatu. Unakwenda kuandika maelezo mapya, na safari hii utaandika hesabu zote, na njia."

"Mnanikamata?"

"Ukimaliza kuandika nitakujibu."

Akaenda kuvaa viatu. Kabla ya kutoka alirudi sebuleni, akatazama ukuta palipokuwa na picha, pakiwa na mraba mweupe kuliko rangi nyingine, akachukua kitambaa akapangusa vumbi lililobaki kwenye msumari.

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mapya akiwa amesimama, akasema neno ambalo wakuu wa vituo hawatakiwi kulisema, akatia saini ya kumwachia Spana. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Futikamba alikwenda mwenyewe kufungua mlango wa mahabusu. Spana alikuwa amekaa na mgongo ukutani, na hakuinuka.

"Toka. Umeachiwa."

"Nilishakwambia uandike ni mimi."

"Nimeandika ya mwenye mwandiko wa kile kipande. Toka kabla sijabadili mawazo nikakushitaki kwa kunipotezea wiki tatu."

Uso wake uliharibika. Hakuuliza ni nani. "Amekula?" alisema. "Akikosa kula mchana anapata kizunguzungu."

"Kamuulize mwenyewe, utapishana naye."

Ushoroba wa kituo kile ni mwembamba. Wawili wakipishana, mmoja lazima ageuze bega. Mwalimu alikuwa anakuja kutoka chumba cha maelezo, koplo nyuma yake, mkoba mkononi, mgongo umenyooka. Spana alipomwona alijibanza ukutani ampishe. Akavua kofia ambayo hakuwa nayo. Mkono ulipanda kichwani ukakuta nywele tu.

"Shikamoo, mama."

Mama alisimama. Alimtazama kutoka kichwani, ndevu, shati la siku kumi na tisa, mpaka viatu visivyo na kamba. Futikamba aliona midomo yake ikifunguka, na kwa kitambo kile kifupi aliamini, akajilaumu baadaye kwa kuamini, kwamba yule mama angemshika mwanawe.

"Ungekuwa kaka kweli," Mwalimu alisema, "ungeuona ule mshale."

Koplo aliangalia sakafu. Mahali fulani mbele, kwenye kaunta, simu iliita na hakuna aliyeipokea.

"Ni kweli, mama," Spana alisema.

Akageuza bega ili mama apite.